Nyuzi Tano, Noti Tatu: Nilivyojifunza Start Me Up na Mahali Mpangilio Wake Ulikotoka

Najua niliahidi kwamba makala ya leo itahusu hifadhidata, lakini vidole vinaniuma na kichwa kimejaa jambo jingine, kwa hivyo hifadhidata itangoja. Leo naandika juu ya gitaa. Usiondoke lakini! Tarakilishi imo ndani, tena mapema tu.

Start Me Up ya Rolling Stones unaijua, hata kama hujui kwamba unaijua. Microsoft ilipozindua Windows 95, tarehe 24 Agosti 1995, huo ndio wimbo uliotumika kwenye matangazo. Hilo lilikuwa toleo la kwanza la Windows kuwa na kitufe cha Start pale chini kushoto, basi wimbo wenye neno hilo kwenye jina lake ulikuwa kama umeandikwa kwa ajili yao. Mimi sikuwa nimezaliwa. Niliiona video ya uzinduzi nikiwa chuoni, mhadhiri wa mifumo endeshi alipotaka kutuchekesha kabla ya mtihani. Wenzangu waliwacheka akina Bill Gates wakijitingisha jukwaani. Mimi nilibaki na sekunde chache za mwanzo wa wimbo: gitaa linapiga peke yake, linakata, linapiga tena, halafu ngoma inaingia. Nikajiambia, siku moja nitaupiga huu.

Miaka ikapita, nikapata kazi, na mwaka jana nikanunua gitaa kuukuu kwa jamaa mmoja Ngara. Nikaanza. Nilikuwa na karatasi za mafunzo zile zinazoonyesha nyuzi kwa mistari na freti kwa nambari. Wapiga gitaa huziita tab, na wewe Mswahili ukiongeza irabu mwishoni unapata "tabu", na kusema kweli tabu ilikuwepo. Miezi mitatu nilijaribu. Noti nilizipata, moja moja, lakini zikikutana zilitoa sauti ya mtu anayefungua droo yenye vijiko. Nikanyoosha vidole mpaka kifundo kikavimba. Jirani wa chini akaanza kunisalimia kwa sauti ya pole, kama mtu aliyefiwa.

Nikaamua kwamba kosa ni langu. Vidole vifupi, mazoezi haba, kuanza nikiwa mtu mzima. Nilikuwa karibu kuliuza gitaa.

Ndipo nikalipeleka kwa fundi abadilishe uzi uliokatika. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, alipigia bendi za hotelini zamani. Alinisikiliza kama nusu dakika, akaniwekea mkono begani.

"Kijana wangu, unapigana na gitaa bure. Huyo mzungu hakulikaza hivyo."

"Hivyo vipi, mzee?"

"Nyuzi zake hazikuwa kama zako. Hiyo karatasi yako haijasema?"

Nikaitazama karatasi. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya kila kitu, ulikuwa na herufi tano: G D G B D. Nilikuwa nimeuruka kwa miezi mitatu. Mimi, ambaye kila wiki nawaambia wenzangu kazini wasome faili ya maelezo kabla ya kuniuliza swali! Msimbo ulikuwa sawa. Mashine ilikuwa sawa. Mipangilio ndiyo iliyokuwa mingine.

Sasa tueleze kidogo hesabu yake, maana ni tamu.

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Ukihesabu kutoka ule mnene, hupangwa hivi:

E A D G B E

Mpangilio huu ni mzuri kwa sababu unamwezesha mtu kupiga karibu kila kitu bila kusafiri sana shingoni. Lakini ukizipiga nyuzi hizo zote bila kubonyeza chochote, unachopata si kodi inayoeleweka. (Kodi ni noti tatu au zaidi zikilia pamoja. Si ile ya KRA.) Kila kodi lazima uiunde mwenyewe kwa vidole.

Sasa legeza nyuzi tatu tu. Uzi wa sita ushuke kutoka E hadi D, wa tano kutoka A hadi G, na wa kwanza kutoka E hadi D. Zile tatu za katikati usiziguse. Unapata:

D G D G B D

Tazama vizuri. Kuna noti tatu tu hapo, D, G na B, zimerudiwarudiwa. Na noti hizo tatu ndizo hasa kodi ya G. Maana yake, gitaa likiwa limelala kitandani bila mtu, ukilipapasa linatoa kodi kamili. Ndiyo maana wapigaji wanauita mpangilio wazi wa G.

Kwa wapenda namba: kila freti inapandisha mtetemo wa uzi kwa kuuzidisha na takriban 1.0595, ambayo ni kipeuo cha kumi na mbili cha 2, kwa hivyo ukivuka freti 12 mtetemo umeongezeka mara mbili. Uzi wa tano ukiwa A hutetema mara 110 kwa sekunde. Ukiushusha freti mbili hadi G, unatetema mara 98. Hakuna kinachokatika, kwa sababu unalegeza, hukazi.

Faida yake ni kwamba kidole kimoja kinatosha. Kilaze juu ya nyuzi zote kwenye freti ya 5, umepata C. Freti ya 7, umepata D. Freti ya 12, umerudi G. Ni kama fomula yenye kigezo kimoja tu: taja nambari, pokea kodi. Na kwa kuwa kidole kimoja kinafanya kazi yote, vingine vitatu viko huru kufanya ujanja. Hapo ndipo Start Me Up ilipo. Kidole cha kwanza kinalala kwenye freti ya 5, hiyo ni C. Cha kati kinagusa uzi wa pili kwenye freti ya 6, cha tatu kinagusa uzi wa nne kwenye freti ya 7, na ghafla C imekuwa F. Inua, rudi C. Kisha mkono mzima unashuka hadi freti ya 3 na kufanya umbo lile lile. Umbo moja, sehemu mbili. Nililokuwa nikilitafuta kwa kuvunja vidole lilikuwa tendo la kuinua na kushusha vidole viwili.

Jioni ile niliupiga ule mwanzo kwa muda usiozidi saa moja. Jirani akabisha mlango. Nilidhani amekuja kulalamika, kumbe alikuja kuuliza kama nimepata mwalimu.

Hapo ndipo swali la pili liliponishika. Sisi tunaoandika programu tuna chombo kiitwacho git, na ndani yake kuna amri ya git blame. Unaipa faili, nayo inakuonyesha kila mstari uliandikwa na nani na lini. Nilitaka kufanya hivyo kwa zile herufi tano. Nani aliandika G D G B D? Nikaanza kusoma historia kwa kurudi nyuma.

Badiliko la karibu ni la 1981. Start Me Up ilitoka mwaka huo, ikiwa wimbo wa kwanza kwenye albamu ya Tattoo You, na ilifika nafasi ya 2 Marekani. Lakini haikuwa mpya. Bendi ilikuwa imeirekodi Paris mnamo 1978, ikiijaribu mara nyingi kwa mapigo ya rege, ikaiweka kando. Fundi wao wa sauti, Chris Kimsey, ndiye aliyepekua kanda za zamani kutafuta nyimbo zilizosahaulika, akakuta katikati ya rege zote hizo wameipiga pia kwa mtindo wa roki. Tunaofanya kazi ya programu tunalijua hilo: tawi lililotelekezwa ndilo linaloishia kuendesha mfumo mzima.

Mpigaji wa kipande kile ni Keith Richards. Mpangilio alianza kuutumia mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika kitabu chake cha maisha yake, Life, kilichotoka 2010, yeye mwenyewe anamtaja aliyemwonyesha: Ry Cooder, mpiga gitaa Mmarekani aliyekuwa London akishirikiana nao kurekodi. Cooder alikuwa akiutumia kwa mtindo wa kutelezesha, yaani kuburuta kipande cha chuma au shingo ya chupa juu ya nyuzi. Richards aliuchukua akafanya mambo mawili yake. Kwanza, akaachana na kutelezesha, akatumia vidole. Pili, akang'oa uzi wa sita.

Hilo la pili linanifurahisha kama mwandishi wa programu. Mizizi ya kodi ya G ni noti ya G yenyewe, na mtu anataka iwe ndiyo ya chini kabisa. Lakini uzi wa sita ni D, uko chini ya G, unaiziba na kuleta matope. Wengine wangejifunza kuukwepa. Richards aliufuta. Tangu hapo gitaa lake maarufu, Fender Telecaster aliloliita Micawber kwa jina la mhusika wa Charles Dickens, lina nyuzi tano tu. Honky Tonk Women ya 1969 ilitokana na mpangilio huo, Brown Sugar ya 1971 pia, kisha Start Me Up. Mtu aliyekuwa amepiga gitaa la nyuzi sita kwa miaka mingi alipata baadhi ya nyimbo zake zinazojulikana zaidi baada ya kupunguza kifaa chake.

Lakini Cooder naye hakuubuni. Rudi nyuma zaidi.

Mwaka 1961, kwenye kituo cha reli cha Dartford, Uingereza, Richards alikutana na Mick Jagger, mtoto waliyesoma naye shule ya msingi. Jagger alikuwa amebeba sahani za santuri, za Chuck Berry na za Muddy Waters. Urafiki ukaanzia hapo, na jina la bendi wakalitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Na hili ndilo lililonifanya nicheke peke yangu: Muddy Waters alikuwa akipiga nyimbo zake nyingi za kutelezesha kwa mpangilio wazi wa G. Kwa hivyo Richards aliusikia mpangilio huo miaka saba hivi kabla hajajua kwamba upo. Alikuwa akisikiliza majibu bila kuona mstari wa kwanza wa karatasi. Kama mimi, ila yeye hakuwa hata na karatasi.

Muddy Waters alizaliwa Mississippi, jina lake halisi McKinley Morganfield. Agosti 1941 alikuwa akifanya kazi shambani, kwenye shamba kubwa la Stovall, walipofika watafiti wawili, Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk. Walikuja na mashine ya kurekodia. Walimrekodi Muddy nyumbani kwake, na mojawapo ya nyimbo alizopiga siku hizo alikuja kuirekodi tena Chicago, ikatoka 1948 kwa jina la I Can't Be Satisfied. Mpangilio ulikuwa ule ule. Na Muddy alikuwa ameupata kwa kukaa karibu na kutazama mikono ya mtu aliyemtangulia: Son House.

Son House alirekodi nyimbo chache mwaka 1930 katika mji wa Grafton, jimbo la Wisconsin. Sahani hazikuuzwa. Aliyekuja baada yake, naye pia akimtazama mikono, ni Robert Johnson, aliyerekodi nyimbo 29 tu katika vikao viwili, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, kadhaa kati ya hizo kwa mpangilio huu. Alikufa Agosti 1938. Alikuwa na umri wa miaka 27. Ni umri wangu.

Na hao waliupata wapi? Hapa historia inagawanyika njia mbili, kama inavyokuwa kwenye matawi ya msimbo.

Njia moja inapitia sebuleni. Mwalimu wa gitaa aitwaye Henry Worrall, aliyefundisha Cincinnati, alichapisha katika miaka ya 1860 kipande cha kujifunzia kiitwacho Spanish Fandango, kinachopigwa kwa mpangilio wazi wa G. Kilienea sana, mpaka kikawa kinawekwa kwenye vijitabu vya wanaoanza. Karne ya 20 ilipoingia, maduka ya kuagiza kwa posta kama Sears, Roebuck yakawa yanauza magitaa kwa bei ambayo hata mfanyakazi wa shamba angeweza kuidunduliza, na kile kipande kikasafiri nayo. Ndiyo maana wapigaji wa bluzi wa Mississippi, ambao Uhispania waliisikia kwa jina tu, waliuita mpangilio huu "Spanish". Jina la faili lilibaki hata baada ya watu kusahau faili yenyewe.

Njia ya pili ni ndefu na inatoka bara letu. Kabla ya gitaa la bei nafuu, chombo cha nyuzi cha watu weusi wa Kusini mwa Marekani kilikuwa banjo. Banjo ya nyuzi tano hupangwa kwa kawaida G D G B D. Ndiyo, herufi tano zile zile, kwa mfuatano ule ule, tofauti ikiwa kwamba ile G ya kwanza kwenye banjo ni uzi mfupi wenye sauti ya juu unaolia bila kukoma. Mtu aliyezoea banjo akipata gitaa mkononi angelikaza vipi? Angelikaza kama banjo.

Na banjo ilitoka Afrika Magharibi ikiwa ndani ya vichwa vya watu waliofungwa minyororo. Thomas Jefferson, ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, aliandika miaka ya 1780 kwamba chombo hicho waliokuwa watumwa walikileta kutoka Afrika. Upo mchoro wa miaka hiyo hiyo kutoka Carolina Kusini, maarufu kwa jina la The Old Plantation, unaoonyesha mtu mweusi akipiga banjo ya kibuyu, na uzi mmoja ni mfupi kuliko wenzake. Hadi leo Wajola wa Senegal na Gambia wana chombo chao kiitwacho akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, shingo ndefu, nyuzi tatu, na mmoja wao mfupi. Ukikitazama, unaona undugu kabla hujaambiwa.

Kwa hivyo nilipofika chini kabisa ya orodha, mahali ambapo git ingenionyesha jina la mwandishi wa kwanza, hapakuwa na jina. Meli zilizobeba watu hao ziliwaandika kwa idadi.

Nitasema ukweli, nilifunga tarakilishi nikakaa kimya kidogo. Nilikuwa nimeanza utafiti huu kwa furaha ya mtu aliyetatua hitilafu. Sasa niliona upande mmoja wa orodha kuna Microsoft ikilipa mamilioni ya dola kutumia wimbo, na upande wa pili kuna watu waliotengeneza kinachoufanya wimbo ulie vile, na malipo yao ni sifuri.

Hebu tuwe waangalifu hapa. Mpangilio wa nyuzi hauna mwenyewe. Huwezi kuuandikia hatimiliki, na ni vizuri iwe hivyo, la sivyo Worrall angemshtaki Johnson na Johnson angemshtaki Richards, na mimi nisingekuwa na haki ya kuupiga chumbani kwangu. Ni kama programu huria: kila aliyeugusa aliongeza kitu. Richards hakuiba herufi tano. Tena amemtaja Cooder, na amekuwa akiwataja wazee wa bluzi maisha yake yote.

Lakini nyimbo ni jambo jingine, na hapa kuna kesi. Kwenye albamu ya Let It Bleed ya 1969, Rolling Stones walirekodi Love in Vain ya Robert Johnson, Cooder akiwa kwenye mandolini. Jina la Johnson halikuandikwa kama mtunzi. Miaka ilipita, na kampuni iliyosimamia nyimbo hizo za bendi, ABKCO, ikadai mahakamani kwamba wimbo huo na mwingine wa Johnson zilikuwa zimekwisha kuwa mali ya umma, kwa sababu sahani ziliuzwa miaka ya 1930 bila kusajiliwa. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa hoja hiyo: kuuza sahani hakukuwa sawa na kuchapisha utunzi. Nyimbo zilikuwa bado na mwenyewe.

Mwenyewe ni nani, ikiwa mtunzi alikufa 1938 bila wosia? Mwaka huo huo wa 2000, Mahakama Kuu ya Mississippi ilithibitisha kwamba Claud Johnson, dereva wa lori la kokoto, alikuwa mwana wa Robert Johnson na mrithi wake. Alizaliwa 1931. Alisubiri hadi karibu miaka 70 ili jina la baba yake limfikie likiwa na kitu mkononi.

Na Son House? Mwaka 1964 vijana wapenzi wa bluzi walimtafuta Mississippi wasimpate, mwishowe wakamkuta Rochester, jimbo la New York, mbali kabisa. Alikuwa amefanya kazi ya reli, na gitaa alikuwa ameliacha miaka mingi. Alikuwa amesahau nyimbo zake. Kijana mmoja wa kizungu, Alan Wilson, aliyekuja kuwa mwanamuziki wa Canned Heat, alizijua kutoka kwenye sahani za 1930, akaketi naye na kumfundisha upya alivyokuwa akipiga. Fikiria hilo. Mzee anafundishwa nyimbo zake mwenyewe na mtu aliyehifadhi nakala. Mwaka ule ule, 1964, Rolling Stones walikuwa Chicago wakirekodi kwenye studio za Chess, zile zile alizorekodia Muddy Waters.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, hatua ni hizi:

1. Legeza uzi wa 6 hadi D, wa 5 hadi G, wa 1 hadi D. Programu yoyote ya simu ya kupimia noti inatosha.
2. Kama una roho ngumu, toa uzi wa 6 kabisa. Kama huna, usiuguse tu unapopiga.
3. Piga nyuzi zote bila kubonyeza. Ukisikia kodi nzuri, umefaulu. Ukisikia vijiko, rudi hatua ya 1.
4. Kidole cha kwanza kilale kwenye freti ya 5, kisha ufanye lile umbo la vidole viwili nililoeleza juu. Inua na ushushe polepole. Kisha freti ya 3.
5. Kasi ije mwisho. Siri ya kipande hiki iko kwenye kunyamaza: bana nyuzi kwa kiganja kati ya mapigo.

Kabla sijaaga, kuna jambo la kukiri. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nikisafisha msimbo wa mradi mmoja kazini. Tulikuwa tumechukua maktaba ndogo ya programu huria, yenye leseni ya MIT. Leseni hiyo haidai pesa. Inakuruhusu kutumia, kubadilisha, hata kuuza. Inadai kitu kimoja tu: ule mstari wa juu wenye jina la mwandishi na maneno ya leseni ubaki ulipo. Mimi niliona mistari ile inachafua faili. Nikaifuta yote, faili kumi na moja, nikaandika "usafi" kwenye maelezo ya badiliko. Mkuu wangu akaidhinisha. Hakuna aliyelalamika, maana aliyestahili kulalamika hajui hata kwamba Nairobi kuna mtu anayetumia kazi yake.

Jumatatu iliyopita nilifungua historia ya mradi ule, nikatafuta badiliko lile, na nikairudisha mistari yote. Ilichukua dakika nne. Jina la mwandishi nililisoma kwa mara ya kwanza.

Gitaa siuzi tena. Yule fundi nilimpelekea soda na nikampigia ule mwanzo pale kwenye kibanda chake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa uzi wako wa pili umeshuka kidogo," akanikazia.

Ni hayo tu kwa leo. Kama nawe unapiga kwa mpangilio mwingine, hasa kama ulifundishwa na mzazi au babu na hauna jina kitabuni, niandikie unavyokaza nyuzi zako na nani alikuonyesha. Nitauweka hapa pamoja na jina lake.

Wiki ijayo: hifadhidata. Naahidi.